Ukurasa wa Zuhura Uliokwenda Kariakoo

Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta karatasi moja. Ulikuwa ukurasa wa daftari la hesabu la mdogo wangu Zuhura, na juu yake alikuwa amechora kuku aliyeshika mwavuli.

Zuhura alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa seli za damu. Alifariki nyumbani kwetu Mlali akiwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya arobaini, shangazi alisema vitu vya marehemu visikae ndani, vitolewe sadaka. Nguo walipewa watoto wa jirani. Madaftari hakuna aliyeyataja. Mimi nikayachukua yote, nikampelekea Mama Shani anayeuza karanga azifungie, maana kwetu ndivyo tunavyofanya na madaftari yaliyokwisha. Niliona nampunguzia mama machungu.

Wiki iliyofuata mama akauliza madaftari yako wapi, alitaka kuona mwandiko. Nikasema sijui. Nilikimbia kwa Mama Shani, nikakuta ameshayamaliza.

Ukabaki ukurasa mmoja tu duniani. Mwaka uliopita, Zuhura alipolazwa hospitali Morogoro mjini, kijana wa Kariakoo anayeitwa Nassoro alikuja wodini. Yeye na wenzake wanachapa fulana, na sehemu ya mauzo wananunulia dawa watoto wenye selimundu. Alipomwona kuku wa Zuhura alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akaomba amchape kwenye fulana. Zuhura alichana ukurasa kwa mkono wake mwenyewe akampa, na baadaye dawa zililetwa kweli, zake na za watoto wengine wa wodi ile.

Nikamwambia mama nitakwenda kuuleta ule ukurasa. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Ulete kweli, Shabani," alisema. "Nikiuona mkono wake tu, nitalala."

Saa kumi na moja alfajiri nilipanda bodaboda hadi Morogoro, na saa mbili nikawa ndani ya treni ya umeme. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilikaa dirishani, lakini treni ile inakwenda mbio, ukiona nyumba huiwahi. Jirani yangu, mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya miguuni, aliniuliza naenda Dar kufanya nini. Nikamjibu naenda kumsalimia ndugu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ukweli ulikuwa mrefu, na mimi maneno marefu hunikwama.

Kabla ya saa tano nilikuwa Stesheni. Kule wodini Nassoro alimwachia mama karatasi yenye jina la mtaa, Mahiwa, na duka la vitenge la mama yake. Namba ya simu iliyoandikwa pale haikuwa inapatikana tena. Nikashika njia ya Gerezani kwa miguu, nikauliza kila niliyeona hana haraka, na hao ni wachache. Nikapita kwenye maduka ya vipuri, mafundi wamelala chini ya magari, mafuta meusi yametapakaa njiani. Mabasi ya mwendokasi yalipita katikati yamejaa watu waliosimama wakitazama mbele. Jua lilikuwa kali na anga halikuwa na rangi.

Mtaa wa Kongo ndipo niliposimama. Kijana mmoja machinga alikuwa ametandika turubai chini, na juu ya turubai, kati ya fulana za mpira na za wanamuziki, alikuwepo kuku wa Zuhura. Kuku na mwavuli wake, fulana nyekundu, nyeupe, bluu.

"Kuku huyo, kuku huyo! Kuku wa masika! Vaa kuku usinyeshewe!" alikuwa akipiga kelele.

Nikachuchumaa. Fulana ya Nassoro niliijua, Zuhura alipewa moja, na chini ya kuku paliandikwa *Kwa watoto wenye selimundu*. Hizi hazikuwa na maandishi. Palikuwa patupu.

"Oya mwanangu," machinga akaniambia, "unanunua, au unamsomea Yasini huyo kuku?"

Wenzake wakacheka. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kuku huyo amechorwa na nani.

"Amechorwa na China, broo. Mzigo umeshuka bandarini juzi. Chukua mbili nikufanyie bei ya kaka."

Nikasimama nikaondoka. Nyuma yangu akapiga mluzi, akasema, "Mshamba kaogopa kuku!" Wakacheka tena. Hakunikosea. Hakujua.

Saa saba mchana nilifika Mtaa wa Mahiwa. Duka lilikuwa jembamba, vitenge vimepangwa hadi darini. Ndani aliketi mama mtu mzima wa Kiarabu, amejifunga kanga kichwani, anakunywa kahawa. Nilisimama nje ya mlango muda mrefu hadi akaniita mwenyewe.

"Wewe mwanangu, ingia au toka. Hapo unanizibia wateja."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoka wapi?"

Nilipotaja Mlali na jina la Zuhura, aliweka kikombe chini. Akaita ghorofani, "Nassoro! Nassoro, teremka! Kaka yake yule mtoto wa kuku amekuja!"

Nassoro alishuka ngazi akikimbia. Amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Akanikumbatia, mimi nikasimama kama mti.

"Shabani! Aisee! Msanii wetu hajambo?"

Hapo ndipo nilipokosea. Walikuwa wanatabasamu wote wawili, mama na mwana, na wateja wawili nao wamegeuka kunitazama. Nikatazama chini.

"Hajambo," nikasema.

"Alhamdulillah," akasema Bi Salma, mama yake Nassoro. "Dawa zinamfaa?"

"Zinamfaa."

Neno likishatoka hivyo, kulirudisha ni kazi. Walinilisha pilau. Bi Salma alinihoji kimo cha Zuhura, nikaonyesha kwa mkono, hapa kifuani kwangu, na yeye akakata kipande cha kitenge cha njano chenye ndege, akakifunga vizuri, akaongeza na boksi la halua. "Umwambie bibi yake wa Kariakoo amempa," alisema. Nilikula pilau ile nikiwa sionji kitu.

Nassoro alinipandisha ghorofani kunionyesha kazi yao. Palikuwa na meza mbili, na fulana chache mno juu yake. Akaniambia mwanzoni walikuwa watano, sasa amebaki yeye na mwenzake mmoja. Fulana za machinga zinauzwa nusu ya bei yao.

"Mteja ananiambia, kuku ni yuleyule," alisema. "Nimwambie nini? Kweli ni yuleyule. Ila yule wa barabarani hampi mtoto kidonge."

"Bado mnapeleka dawa?"

"Tunapeleka. Zamani mzigo ulijaza begi. Siku hizi nabeba mkononi."

Nikamwambia nimekuja kuomba ule ukurasa, mama anautaka. Hakushangaa. Alisema uko kwa Fundi Kombo, mchapaji wao, Mchikichini, na tutakwenda asubuhi. Nililala sebuleni kwao. Kitenge na halua viliwekwa kwenye kiti mbele yangu, nisije nikavisahau.

Asubuhi, saa moja, tulikwenda Mchikichini. Nassoro huwahi kwa sababu fulana zao nyingi ni za mitumba, zile zisizo na maandishi, na belo, lile furushi la mitumba, likifunguliwa asiyewahi anakuta mabaki. Tulifika watu wameshazunguka belo, mfunguaji amesimama juu yake anarusha nguo, na wanawake wanadaka bila kutazama. Mmoja alimvuta Nassoro shati. "We Nassoro, leo hakuna nyeupe, leo watakuvalisha makoti!" Nassoro akacheka kidogo. Alipata fulana nne.

Fundi Kombo alikuwa na chumba nyuma ya wauza viatu. Ni mzee mpole, vidole vyake vyeusi hadi kwenye viungo. Nikamwamkia, akaitikia. Ukutani palikuwa na fremu nyingi za mbao zilizowambwa kitambaa chepesi, na kwenye kila kitambaa palionekana picha kama kivuli.

"Kuku ninaye," alisema Fundi Kombo aliposikia nilichofuata. "Mimi situpi kitu."

Alitoa jalada la zamani, akapekua, akanipa. Nilipoushika ukurasa, vidole viliteleza. Ulikuwa umelowa mafuta. Ulikuwa unaonyesha mpaka upande wa pili, kama karatasi ya maandazi. Kuku alikuwepo, lakini alikuwa wa wino mzito mweusi, mistari minene iliyonyooka. Na alikuwa na miguu miwili. Kuku wa Zuhura alisimama kwa mguu mmoja. Niliwahi kumuuliza mwingine uko wapi, akaniambia, "Ameukunja, unamuuma."

Kwenye fulana sikuwahi kuugundua mguu ule wa pili. Nilikuwa namtazama kuku, sihesabu.

"Mbona hivi?" nikauliza.

Fundi Kombo akanieleza kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake. Wengine hupiga picha kwa kompyuta, wakaitoa kwenye plastiki, lakini hiyo ni gharama. Yeye hupita juu ya mchoro kwa wino, kisha hupaka karatasi mafuta ya kula ili mwanga upite. Huilaza juu ya kitambaa chenye dawa, huiweka juani. Palipo na wino, jua halipiti, na dawa ya pale hutoka kwa maji. Hapo ndipo rangi hupenya.

"Penseli haizuii jua," alisema. "Lazima upite juu yake, mstari wote. Na mguu nikamwongezea, watu wasiseme tumechapa kilema."

Nikageuza ukurasa. Nilikumbuka nyuma yake palikuwa na hesabu zake za kugawanya. Hazikuwapo.

"Za nyuma nilizifuta kwa raba," akasema. "Zingeingia kwenye picha."

Nikapitisha kidole mahali pa hesabu. Fundi Kombo aliona uso wangu. Akanipiga bega, kwa wema tu.

"Usinune, kijana. Mtoto yupo? Mwambie akuchoree mwingine. Hata mzuri zaidi."

"Amefariki," nikasema.

Nje mfunguaji alikuwa akitangaza bei. Nassoro aliniangalia kana kwamba nimempiga.

"Jana umesema hajambo."

"Niliona haya."

"Lini?"

Nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akafunika uso. Fundi Kombo alisema, "Innalillahi," mara mbili, kisha akachukua ukurasa mikononi mwangu, akaupeleka dirishani, akauchunguza. Aliupinda huku na huku. Nilielewa anatafuta mahali ambapo kalamu yake haikufika. Alitafuta muda mrefu. Wateja wawili walikuja, akawafukuza.

"Samahani, mwanangu," alisema mwishoni. "Mimi nikifanya, nafanya vizuri."

Saa nne tulirudi Mahiwa, na Nassoro ndiye aliyemwambia mama yake. Nilidhani Bi Salma atanikasirikia kwa uongo wangu. Alilia, akaniuliza kama mama yangu ana mtu wa kukaa naye. Nikamrudishia kitenge na halua. Akavisukuma.

"Nilishampa. Hakirudi. Halua wapeni watoto wa chuoni wamsomee Kurani."

Nassoro alinisindikiza hadi Stesheni. Tulipofika aliniuliza kama tunataka aache kumchapa kuku. Nikafikiri. Nikamwambia asiache, kuna watoto wodini. Lakini nikamwomba autoe ule mguu wa pili. Alisema atamwambia Fundi Kombo atengeneze fremu mpya. Kisha akasema wale wa Mtaa wa Kongo hawezi kuwaambia kitu, huko kuku atabaki na miguu miwili.

Jioni nilifika nyumbani. Mama alikuwa amekaa mkekani, amevaa buibui kabisa kana kwamba anatoka. Nilimpa ukurasa kwa mikono miwili.

Aliushika, akanusa vidole vyake. Akautazama.

"Huyu si wa Zuhura."

"Ni wake, mama. Wamepita juu."

"Zuhura haandiki hivi." Akageuza. "Hapa palikuwa na nini?"

"Hesabu. Zilifutwa."

"Zilifutwa na nani?"

Nikamweleza yote, na nilipofika mwisho nikaona siwezi kuishia kwa Fundi Kombo, kana kwamba yeye ndiye aliyemfuta Zuhura peke yake. Nikamwambia na ya madaftari. Nikamwambia niliyapeleka mwenyewe kwa Mama Shani, na sikuuliza mtu.

Mama aliulaza ukurasa juu ya goti. Nilisubiri anipige au alie. Aliniambia, "Kaoge, umetoka mbali."

Katika safari ile nimejifunza kwamba watu wema huharibu kitu kwa kukifanyia kazi nzuri, na hata ukiwatazama machoni huna la kuwalaumu. Nimejifunza pia kwamba kitu cha marehemu kinaulizwa kabla ya kutolewa, hata kama ni karatasi, na anayeulizwa kwanza ni mama. Hili ningeweza kulijua bila kupanda treni.

Asubuhi nilimkuta mama uani. Alikuwa ameulaza ukurasa juu ya ungo, ameunyunyizia unga wa mahindi, kama tunavyofanya nguo ikimwagikiwa mafuta, unga uyanyonye. Alifanya hivyo siku tatu, kila siku unga mpya, na kila jioni aliupangusa kwa upande wa kanga akauinua kwenye mwanga. Mafuta yalipungua kidogo. Wino haukutoka.