Jirani wa Chini Alivyonijibu Jukwaani

Juzi nilirudi Doha kwa shughuli zangu, nikapita mtaa wa Abu Hamour. Kwenye taa za barabarani gari likasimama ubavuni mwangu, vijana wanaghani hiphopu kwa Kiarabu, vioo vyote chini. Nikacheka peke yangu hadi dereva wangu akanigeukia. Ngoja nikwambie kwa nini.

Utotoni tulikuwa tukikaa mtaa huohuo, ghorofa ya kwanza, mama akifanya kazi ya udobi hotelini. Chini yetu aliishi mama mmoja wa Kizanzibari, mpishi wa majumbani mwa watu. Huyo alikuwa redio ya jengo. Ukipanda ngazi na pipi mdomoni, mama ataambiwa mpaka rangi yake. Jioni harufu ya bizari yake ilipanda kwetu, na habari zetu zikashuka kwake.

Mwaka mmoja shuleni kila mtoto alikuwa mwanahiphopu. Mwalimu wa muziki alituambia ilianzia kwenye sherehe za mitaani huko New York: watu na santuri zao, mmoja ameshika kipaza sauti anajisifu na kumchamba mwenzake kwa maneno. Mimi nikasikia hilo la kuchamba tu. Basi ilipotangazwa siku ya vipaji, nikamtungia jirani mistari. Shule nzima hapakuwa na mwingine ajuaye Kiswahili, nitaogopa nini?

Siku ikafika. Rafiki yangu Mfilipino alipiga ngoma kwa mdomo, mate yanamruka, nami kofia kisogoni, nikaanza:

"Jirani wa chini, macho dirishani,
Kijiko kikianguka, keshajua ni cha nani!"

Ukumbi ukalipuka. Ndipo nikamwona mama safu ya tatu, kajifunika uso kwa mtandio. Na pembeni yake, kwa kuwa mama hakutaka kuja peke yake, amekaa jirani wa chini.

Aliinuka taratibu. Akapanda jukwaani na baibui lake, akaninyang'anya kipaza sauti, akamwambia Mfilipino, "We endelea, baba," kwa Kiswahili, naye akaendelea! Jirani akashika kiuno:

"Kwamba nipo dirishani, sikatai asilani,
Godoro lenu la juzi, limelowa mvua gani?"

Mvua, Doha, kiangazi! Wallahi lilikuwa la mdogo wangu, lakini ningemweleza nani? Mama aliteleza kitini kwa kicheko. Ukumbi haukuelewa neno, ila kiuno kile kilijitafsiri chenyewe, wakasimama wote. Na kumbe mlinzi wa mlangoni alikuwa Mkenya. "Umemalizwa, manze!" akapaza sauti. "Enda nyumbani!"

Mwalimu alidhani tumepanga. Alitusifu sana.

Njiani nilikuwa nahesabu viboko vyangu kimoyomoyo. Tulipofika ngazini jirani akanishika bega.

"Mstari wako wa pili mzuri," akasema. "Ila sauti waitolea puani. Na mtu ukimchamba, mtazame machoni. Sie kwetu, mtaa wa Ng'ambo, twaanza hayo kabla ya kuota meno."

Mama hakunigusa. Tangu siku hiyo, nikipanda juu ya paa kuanika nguo, jirani alikuwa akinirushia mstari kutoka dirishani, nami nitafute wa kujibu kabla beseni halijaisha. Sikuwahi kumshinda hata mara moja.

Kisha mkataba wake ukaisha. Uwanja wa ndege mizigo yake ilizidi uzito, akavaa mabaibui matatu, moja juu ya jingine, akaenda kwenye foleni kama godoro linalotembea, anatuaga huku anamgombeza mpimaji mizigo. Tulicheka mpaka alipopotea mlangoni. Kulia kulikuja baadaye, ndani ya basi.

Yule Mfilipino naye akaondoka, halafu sisi. Jengo limevunjwa, palipokuwa na paa letu pana duka la simu. Ndivyo ulivyokuwa mji ule: kila mtu alikuwa mgeni, na mgeni huondoka. Wenzangu wana mitaa ya kurudi wakazeeke. Mimi nikikumbuka nyumbani, sijui nikate tiketi ya wapi.