Siku Tulipovuta Mvule wa Bibi

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Mdachi akiwa bado na boma lake kule Mahenge, hakuna aliyeangusha mti mkubwa peke yake. Mti ulikuwa shughuli kama harusi. Watu walialikwa, togwa ilipikwa tangu juzi yake, na wasichana tulisuka nywele. Nikiwasimulia wajukuu zangu wananiangalia kama nimekula mihogo michungu. Kwao mti ni kitu cha kumpigia kelele mwenye trekta aje, kisha wao wanakaa kivulini na redio.

Kwanza ilikuwa kamba. Magome ya miombo yalilowekwa kwenye mto Lumemo mpaka yakalainika na kunuka, kisha akina mama wakayachana na kuyasokota kwenye mapaja huku wakisutana kwa mizaha. Harufu ile ilikaa mikononi hata ukila ugali uliisikia. Kamba ilipimwa kwa kulazwa chini, ikalinganishwa na urefu wa mti kwa kukisia kivuli, na kama haikuuzidi mti kwa mbali, ilirudishwa ikaongezwe. Mama yangu alikuwa akisema, "Kamba fupi huita mti juu yako." Alisema hivyo hata tulipokwenda kuteka maji na kigudulia chenye uzi mfupi, hata mtu alipooa kwa haraka. Kwake kila kitu kilikuwa kamba.

Na sisi watoto tulikuwa na miti yetu. Tuliiba shoka butu, tukaingia migombani, mmoja akakata, wengine tukavuta kwa kamba za majani ya mgomba. Mgomba ukituangukia tulibaki tunacheka chini yake, tumelowa utomvu usiotoka nguoni. Kilichotufanya tulie ni fimbo, maana mara nyingi mgomba ulikuwa na mkungu mchanga, na mama hakuona mchezo pale, aliona ndizi zake.

Kazi ya wakubwa haikukamilika bila mtani. Huko kwetu mti mkubwa haukuguswa mpaka mtani awepo. Ukoo wa bwana mmoja aliyekaa upande wa pili wa mto ulitaniana na ukoo wetu tangu enzi za mababu, nasi tulimwita Mtani tu, jina lake la kuzaliwa sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya wavutaji, kuongoza wimbo, na kumtukana mwenye mti. Wazee waliamini kwamba balaa likisikia watu wanacheka, linajiona halihitajiki, linakwenda kwingine. Yeye aliimba tusi, sisi tukaitikia "njoo", na kwenye "njoo" ndipo kamba ilipovutwa. Kwa hiyo watu walivuta kwa pamoja bila mtu kuhesabu.

Mti ninaoukumbuka kuliko yote ni mvule wa Bibi, mama yake baba yangu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita. Mimi navikumbuka kwa harufu ya moshi na ladha ya mizizi tuliyokula porini, si kwa zaidi ya hapo. Tuliporudi Lumemo, askari walikuwa wamechoma vihenge na kupasua mitumbwi, na baba yangu alikuwa miongoni mwa wasiorudi. Bibi alikuwa amefukia mitungi ya mbegu za mpunga chini ya majivu ya jiko lake kabla ya kukimbia. Alipojenga upya, mbegu zile alizitundika darini, na kijumba chake kikawa ghala la wote waliorudi.

Tatizo lilikuwa bonde. Masika yakiingia, mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya maji, na bila mtumbwi mbegu zingebaki kuwa chakula cha panya. Mivule mingine ya kuchonga mtumbwi ilikuwa mbali msituni, na kuburuta gogo kutoka huko kulihitaji wanaume ambao vita ilikuwa imetubakizia wachache. Mvule wa Bibi ulikuwa karibu na mto, mnyoofu, mnene kifuani. Kasoro yake ilikuwa moja: ulikuwa umeiinamia nyumba. Ukianguka kwa kupenda kwake, ungetua juu ya paa, juu ya mbegu zote.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeshika shoka. Aliuzunguka mti asubuhi nzima, akakata kinywa cha mti, lile pengo linaloelekeza uangukie wapi, upande wa mbali na nyumba, kisha akapanda kufunga kamba juu kabisa, karibu na matawi. Mbegu zingeweza kuhamishwa, lakini mvua ilikuwa imeanza kunyesha vipande vipande, na hapakuwa na paa jingine kavu la kutosha. Aliyepaswa kuhama alikuwa Bibi, naye alikataa.

Baba Mkubwa alimbembeleza, akamkumbusha kuwa yeye ni mama yake wa pekee. Wanawake wakamwita kwa upole. Bibi akajifungia na kuku wake na kujibu kwa ndani, nasi wote tukasikia: "Nikitoka mtavuta kama mnavuta mbuzi wa jirani. Nikiwa humu mtavuta vizuri."

Hakuna aliyemweza. Tukapanga mstari kwenye kamba, wanawake na watoto wengi, wanaume wachache, miguu ikizama kwenye tope la baridi. Mimi nilikuwa mbele ya mama, pumzi yake shingoni kwangu. Mtani akasimama mbele yetu akiwa amejifunga upande wa kaniki kiunoni kama mwali, na hata kabla hajafungua kinywa watu walikuwa wameanza kucheka.

Shoka la Baba Mkubwa likalia nyuma ya mti. Mtani akaimba kwamba mvule huu umeinama kwa sababu unamchungulia Bibi akioga, nasi tukaitikia na kuvuta. Akaimba kwamba ndiye mchumba wake wa zamani, ameota mizizi kwa kungoja. Tukavuta. Mti ukaanza kulia ndani, mlio ule mnene unaousikia tumboni kabla ya masikioni. Ndipo Bibi, aliyekuwa akisikia yote, akajibu kutoka ndani kwamba heri mvule uliosimama ukangoja, kuliko Mtani aliyekuja kumposa ujanani akakimbizwa na bata.

Jamani, tulicheka. Mtani mwenyewe alikaa chini. Mama aliniegemea mgongoni akitetemeka, mwanamke wa mbele yangu akashika mbavu kwa mikono miwili, na mikono miwili ikiwa mbavuni haiwezi kuwa kwenye kamba. Kamba ikalegea. Mvule ukatikisika, ukatulia kidogo, kisha vilele vikaanza kurudi taratibu upande wa nyumba.

Baba Mkubwa aliruka pembeni. Nilimwona Mtani akiinuka, uso wake umebadilika, uso ambao sijapata kuuona tena kwa mtu wa mizaha. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mama yumo ndani."

Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Kicheko kilikatika kama uzi. Kamba ilikaza mpaka ikatoa maji, viganja vyangu viliungua, na mama alinisukuma na kunivuta kwa wakati mmoja akilia jina la Bibi. Hakuna aliyeimba. Tulivuta tukiwa tumelala karibu chali kwenye tope. Vilele vikasimama, vikasita, vikakubali. Mvule ulikuja upande wetu na upepo mkubwa, ukaanguka kwenye uwanja mtupu, na tawi lake la upande wa nyumba lilikuwa limekwangua tu makuti machache ya ukingo wa paa. Kwa kuwa kamba ilikuwa ndefu, majani ya kileleni yaligusa vidole vya miguu ya Mtani, basi.

Mlango ukafunguka. Bibi akatoka na kuku kwapani, nywele zimejaa vumbi la dari. Akautazama mti, akaitazama nyumba, akatutazama tulivyolala matopeni kama kambale mto ukikauka. "Mmeona?" alisema. "Ningekuwa nje, mngeiacha."

Kisha akauliza nani aliyetuambia tunyamaze. Mtani akaja, akampokonya yule kuku bila kuomba, maana mtani haombi, na jioni ile tukamla kwa ugali huku wale wawili wakiendelea kutukanana. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuisimulia. Viganja viliniuma hata nikashindwa kumega tonge, na mama akanilisha kama mtoto mchanga mbele ya wenzangu, nami sikuona haya.

Mtumbwi ulichongwa kabla maji hayajajaa, na mzigo wake wa kwanza ulikuwa mbegu zile, Bibi akiwa amezikalia. Aliishi mpaka tukamchoka na kumpenda upya. Siku ya kumzika, Mtani, naye akiwa kikongwe, aliteremshwa kaburini kwa haki ya utani, akalala ndani akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Watu wakacheka wakilia. Alipopandishwa juu aliangalia shimo, akasema polepole, "Leo yumo ndani, na kamba hatuna."

Mwaka huu msufi wa nyumbani kwangu hapa Kibaoni umeanza kuinamia paa. Mjukuu wangu akaleta trekta kutoka mashambani. Sitamnyima mtu haki yake: kijana dereva alijua kazi. Alifunga waya wa chuma juu ya mti, na waya wenyewe ulikuwa mrefu kuliko msufi, mama yangu angefurahi. Alikata kinywa upande unaotakiwa, akafukuza watoto mbali, akakaza waya taratibu bila kurusha. Kazi ambayo ingetuchukua siku nzima ilikuwa inakwisha kabla chai haijapoa.

Mjukuu akaja mlangoni akaniamkia, akaniomba kwa adabu nitoke nje. Nikamwambia nitabaki. Nilikuwa nimemweka kuku wangu tayari kwapani, nikaketi kitandani nikingoja tusi, hata moja, nipate la kujibu. Nje injini ilinguruma tu. Dereva hakuwa ananifahamu, na hata angenifahamu, trekta haliwezi kuvuta zaidi kwa sababu ya mtu. Linavuta vilevile nyumba ikiwa na mama ndani na ikiwa tupu.

Basi nikatoka. Nikasimama na majirani, kila mmoja mikono mfukoni. Msufi ukaanguka pale pale ulipoambiwa, sawasawa kabisa, na hakuna aliyecheka.