Mstari wa Ufundi

Ukitaka kumchokoza fundi Bisibisi, huna haja ya kumtukana. Ingia tu kwenye karakana yake, shika kiuno, itazame kompyuta aliyoiunga kwa mikono yake, kisha useme, "Mbona dukani nimeona iliyofungwa tayari, ina boksi lake na kila kitu?" Kitakachofuata utajijua mwenyewe. Kuna mwalimu mmoja alitimuliwa hata akasahau miwani yake mezani, na siku ya pili hakuja kuichukua. Alimtuma mkewe.

Bisibisi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mfupi, mwenye sauti ya kupenya ukuta. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti. Alianza na redio za majirani, akahamia runinga, akaishia kwenye kompyuta, na miaka ishirini na miwili sasa yumo katika chumba kilekile nyuma ya duka la vioo: meza mbili ndefu, dirisha lenye nondo, rafu zilizojaa feni mbovu ambazo hataki kuzitupa. Bei ya kila kipuri mjini anaijua kwa moyo. Mwamshe usingizini umuulize kadi ya michoro, atakutajia maduka matatu, na atakuambia yupi kati ya wenye maduka hao ni mwizi.

Wateja waliovumilia ukali wake aliwakalisha kwenye kiti cha plastiki akawafundisha hesabu. Kompyuta ya boksi, aliwaambia, inayotoka kiwandani ikiwa imeshafungwa, inalipiwa mara mbili. Unalipia vyuma, kisha unalipia jina lililobandikwa juu ya vyuma. "Wanakuwekea prosesa nzuri uione kwenye karatasi," alisema, "halafu wanakutilia pawasaplai, kigawa umeme, ya kuombea dua." Ya kuunga, kila kipuri unakichagua mwenyewe, na leo ukitaka kuongeza kumbukumbu unafungua kifuniko unaongeza, huombi ruhusa ya mtu. Alikuwa na karatasi yenye mistari: prosesa, mazabodi ya kubebea vyote, kumbukumbu, diski, kadi ya michoro, pawasaplai, kasha. Jumla. Mteja akiuliza, "Na ufundi je?" alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Kazi yangu usiihesabu. Mimi siuzi mikono."

Uongo mtupu, bila shaka, maana naye alikuwa anakula. Aliongeza elfu kadhaa juu ya kila kipuri, na hizo ndizo zilizolipa kodi ya chumba. Lakini kuandika jasho lake kwenye karatasi, kwa tarakimu, alikuona ni aibu. Hata sijui aibu hiyo aliitoa wapi.

Katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye Bisibisi hakutaka hata kumsikia, na mtu huyo alikuwa mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja. Mdogo mtu aliuza kompyuta za boksi. Alivaa shati lililopigwa pasi, aliendesha gari dogo la kampuni, na kadi yake ilikuwa na namba tatu za simu. Dada yake alimwita Boksi, na jina hilo lilienea mpaka kwa watoto wa mtaani. Miaka miwili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mama yao alipowaalika, aliketi katikati yao kama mwamuzi, na chumvi iliombwa kupitia kwake. Aliyeuliza chanzo cha ugomvi aliambiwa na Bisibisi neno moja: tamaa. Nilimfundisha kila kitu, alisema, miaka kumi na mmoja kwenye meza ile pale, na siku alipoitwa na wenye mabati yao ya kiwandani akaniacha kazi zimenijaa mpaka kooni.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa mwenye nyumba alipokuja kumwambia kwamba mwaka huu anataka kodi ya miezi kumi na miwili kwa mkupuo mmoja. Akishindwa, chumba atapewa mwenye duka la vioo awe anahifadhi vioo vyake. Bisibisi alimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini mwenye nyumba hakutishika. Aliacha tarehe ya mwisho.

Wiki hiyohiyo ofisi moja ya wasanifu majengo ilitangaza kwamba inataka kompyuta nane za kazi nzito, za kuchorea majengo. Bisibisi alipiga hesabu. Kila mashine ingemwachia laki mbili aliyoificha kwenye bei za vipuri. Mara nane, ni milioni moja na laki sita. Kodi ya mwaka ilikuwa milioni moja na laki sita, bila kupungua. Akaifunga mashine moja ya mfano, akaiacha ikichemka siku nzima kwa kazi nzito ili aone kama itazima, haikuzima, akaibeba.

Kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ile alimkuta Boksi ameshafika, mashine yake nyeusi iko mezani inang'aa.

"Shikamoo dada," alisema Boksi.

"Toa boksi lako, nataka nafasi."

Mkuu wa ofisi alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti lakini si mtu wa kuchezewa. Alisoma masharti. Bodi yao inaziamini zaidi mashine za kiwandani, kwa sababu zina dhamana ya miaka mitatu na namba ya kupiga. Za kuunga watazikubali kwa sharti moja: kila mashine iwe chini ya ile ya kiwandani kwa laki sita au zaidi. Chini ya hapo hawaoni sababu ya kujitia mashakani. Na yeyote atakayeshinda alete zote nane ndani ya siku tisa.

Kwanza zilishindanishwa. Mchoro mmoja, jengo la ghorofa kumi na mbili lenye madirisha ya kioo, mashine zote mbili zitoe picha yake kamili. Ya Bisibisi ilimaliza kwa dakika kumi na moja. Ya Boksi ilitumia kumi na nne, na feni yake ilivuma mpaka Mkuu akatazama dirishani akidhani mvua inakuja.

"Hiyo imechoka," Bisibisi alisema. "Mletee maji."

"Imemaliza kazi, dada. Na ikiharibika kesho, keshokutwa asubuhi kuna mtu hapa ana kipuri mkononi. Yako ikiharibika wanakupigia wewe. Na wewe uko na mteja mwingine, unamtukana."

"Nimtukane, lakini naitengeneza! Yako ikiharibika mnafungua nini? Kilio? Mmeibandika stika, mwenye mali akigusa skrubu moja dhamana imekufa. Mtu amenunua kitu chake halafu anakiogopa!"

"Stika hiyo ndiyo inayomzuia mtu asiyejua asivuruge."

"Nani alikufundisha wewe kujua?"

Mkuu aligonga meza kwa kalamu. "Mkimaliza mambo ya nyumbani kwenu, nipeni bei."

Hapo ndipo Bisibisi alipopigwa na butwaa. Wiki nzima alijua kwamba mashine ile inauzwa milioni nne na nusu. Ya kwake ilikuwa milioni tatu na laki sita, tofauti ya laki tisa, anapita huku anapiga mluzi. Boksi alisogeza karatasi yake mbele. Milioni nne na laki mbili.

"Nimeomba punguzo kwa wakubwa," alisema, bila kumtazama mtu. "Wamenikatia asubuhi hii."

Tofauti ilikuwa laki sita kamili. Bisibisi alihesabu mara mbili kichwani na moyo ukarudi mahali pake. Nyembamba, lakini inapita. Alimtazama mdogo wake kwa jicho la kusema, umekwama, mtoto wa mama.

Mkuu alikuwa anapitisha kalamu kwenye fomu ya bodi aliyoijaza Bisibisi, mstari kwa mstari. Alipofika chini alisimama. "Fundi, hapa kwenye ufundi na dhamana umechora kistari."

"Kazi yangu haihesabiwi, mama."

"Fomu ya bodi haikubali kistari. Lazima iwe tarakimu."

Boksi alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha yoyote. "Mama Mkuu, naomba niseme jambo, halafu mwamue mtakavyo. Mashine moja pale karakana inachukua siku mbili za mtu. Kuchagua, kuunga, kupanga nyaya, kuweka programu, kuichemsha. Dhamana ya miaka mitatu maana yake ni kuja hapa kila mara mtu akimwaga chai. Weka mshahara wa fundi wa kawaida kabisa, hata si mzuri kama yeye. Ni laki saba kwa mashine. Kwa hiyo ya kuunga si milioni tatu na laki sita. Ni milioni nne na laki tatu. Ni ghali kuliko yangu. Imekuwa ghali siku zote. Ila kuna mtu alikuwa anailipia kimyakimya."

"Nani?" Bisibisi alisimama. "Mtu gani?"

"Mimi, dada."

Boksi aliweka viganja viwili mezani.

"Miaka kumi na mmoja nimefunga mashine kwenye meza yako. Umewaambia watu nilifuata mabati. Waambie pia nilikuomba nini. Nilikuomba mshahara. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nataka kuoa, nikakuomba mshahara, ukaniambia, unakula hapa, unalala hapa, mshahara wa nini? Ukawa unamwonyesha mteja karatasi, ona, ya kwangu ni rahisi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, dada. Na aliyeunda naye ana tumbo."

Bisibisi alikumbuka. Siku ile alikuwa na bisibisi mkononi, hata hakugeuka, maneno yakamtoka kama mtu anayejibu bei ya waya. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliyasema. Uso ulimwaka, na aibu ilipomzidi ikageuka hasira, kama kawaida yake.

"Umekuja kunivua nguo mbele za watu," alisema.

"Nimekuja kuuza kompyuta."

Mkuu alimsogezea kalamu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo lilimuumiza zaidi. "Fundi, mashine yako ni nzuri, nimeiona. Ukiandika sifuri hapo, sharti limetimia na kazi ni yako. Ukiandika chochote kingine, hata elfu moja, siwezi kuipitisha. Andika unachokijua ni kweli."

Alisimama na kalamu ile mkononi. Aliifikiria meza yake, dirisha la nondo, vioo vya mtu mwingine vikiegemezwa pale alipokaa miaka ishirini na miwili. Alijua kabisa tarakimu inayotakiwa. Boksi alikuwa ameitaja, na hakuwa amekosea hata shilingi. Upande wa pili wa meza mdogo wake alikuwa anamtazama usoni, na ugomvi wote ulikuwa umemtoka, anasubiri tu.

Bisibisi aliinama akaandika sifuri.

Aliiandika kubwa, akaizungushia mara mbili ili isisomwe vibaya. Mkuu akatia sahihi. Boksi alichomoa nyaya za mashine yake moja moja, akazikunja vizuri, kama alivyofundishwa, akasema, "Hongera, dada," akatoka.

Bisibisi alikuwa ameshafika kwenye ngazi alipokumbuka zile siku tisa. Ukiondoa ile ya mfano, zimebaki saba, siku mbili kila moja. Hata asilale, mikono yake miwili haitoshi, na katika mji huu kulikuwa na mtu mmoja tu anayeunga kama yeye. Aliteremka mbio. Alimkuta mdogo wake nje anaingiza mashine kwenye buti la gari.

"Subiri," alisema, akihema. "Subiri kwanza. Zile saba zilizobaki siwezi peke yangu. Njoo jioni ukitoka kazini, njoo na Jumapili. Nisaidie kuzifunga."

Boksi hakukasirika. Alifunga buti polepole, akaegemea gari. "Nitakuja," alisema. "Kwa kiasi gani?"

Hakuuliza kwa kebehi. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi, na alikuwa tayari kupokea jibu lolote, hata dogo. Bisibisi alitafuta kichwani, alikozoea kupata bei za mji mzima. Laki mbili za kila mashine zilishakuwa za mwenye nyumba. Kwingine kote kulikuwa na karatasi iliyotiwa sahihi, yenye sifuri yake kubwa.

"Kwa kiasi gani, dada?"

Boksi akaingia garini, akawasha. Gari lilikuwa limeshapinda kona ya barabara, na dada yake bado amesimama palepale, anahesabu.