Makala Mbili za Mwalimu

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilipata kazi ya kupiga taipu katika chuo cha ualimu, Mtwara, nikapangiwa ofisi ya mwalimu wa saikolojia. Alikuwa mtu wa kanda ya Ziwa, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni hasa. Akimaliza vipindi vyake alifanya majaribio ya kumbukumbu.

Makala yake ya kwanza ilikuwa imeshatoka katika jarida moja la Ulaya. Ilisema kwamba wakulima wa huku kwetu, wakisomewa orodha ya vitu ishirini, hukumbuka vichache sana. Siku hizo mtafiti aliyetaka nakala ya makala alimwandikia kadi mwandishi mwenyewe, na kadi zilikuwa hazikauki.

"Njoo uone, dada," alikuwa akiniita. "Hii imetoka Japani."

Kila kadi ilimwambia kwamba kuna mtu mwingine anamsoma, na huenda akamtaja katika kazi yake. Nikawa nafurahi naye. Makala yenyewe sikuwa nimeisoma.

Nilipoisoma, niliona haya kana kwamba nimesemwa mimi. Mama yangu hakujua kusoma, lakini aliweza kumtaja kila mtu aliyekuja kwenye unyago wangu, na kanga aliyovaa. Sikumwambia Mwalimu kitu. Mimi nilikuwa mpiga taipu tu.

Baadaye alitaka kurudia jaribio katika kijiji kimoja karibu na Ruvuma inapoingia baharini, akanichukua kwa kuwa mimi ni Mmakonde. Mtu wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo. Mwalimu akamsomea orodha kwa Kiswahili, kisha akamwomba ataje alivyovikumbuka. Akataja vinne, akarudia mihogo yake. Mwalimu akaandika.

Alipokwenda nyumba ya pili, mimi nikabaki nyuma. Nikamuuliza yule mama kwa Kimakonde kwa nini vinne tu.

"Mwanangu, si amevitaja mwenyewe sasa hivi?" akasema. "Nimrudishie maneno yake, aone namfanyia mzaha? Nimemtajia vile nilivyo navyo ndani ya nyumba yangu."

"Na vingine?"

Akavitaja. Alisahau viwili tu.

Nilimfuata Mwalimu nikamweleza njiani. Hakunikatiza. Alipofungua mdomo, alisema, "Basi nimekosea tangu mwanzo." Akakaa juu ya gogo, na mimi nikasimama, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Tukaanza upya. Safari hii niliuliza mimi, kwa Kimakonde: jirani yako hakuwepo, mweleze vitu tulivyovitaja. Watu walikumbuka karibu vyote. Mwalimu akaandika makala ya pili, akakiri kosa lake waziwazi, na humo akasema lilionwa na msaidizi wake. Jarida liliipokea, ila waliifupisha ikawa kurasa mbili.

Kadi za kuomba makala ya kwanza ziliendelea kuja. Za kuomba ya pili zilikuwa za kuhesabu. Mwalimu akaniagiza nitume zote mbili kwa kila aliyeandika, ya pili ikae juu. Nilifanya hivyo kwa miaka.

Kisha, katikati ya miaka ya sabini, kitabu kinene cha saikolojia kikaletwa maktaba. Mwalimu alifungua orodha ya marejeo, akaliona jina lake. Makala iliyotajwa ilikuwa ile ya kwanza peke yake. Akatafuta ukurasa wenyewe, akausoma, akavua miwani.

"Sasa nimekuwa mtu wa kunukuliwa," akasema, bila kucheka.

Tulimwandikia mwandishi wa kitabu. Jibu lake lilikuwa la adabu: angerekebisha kikichapwa tena. Sijui kama kilichapwa.

Wiki iliyofuata, mlango wa darasa ukiwa wazi, nilimsikia Mwalimu akiwasomea walimu wanafunzi makala yake ya kwanza, mstari kwa mstari. Akawauliza aliharibu wapi. Walisita, maana nani amkosoe mwalimu wake? Mwisho msichana mmoja akasema, "Hukuuliza kama walikuelewa."

"Endelea," akasema Mwalimu.

Yule msichana akaendelea, na wenzake wakaanza kunyoosha mikono. Kipindi kilipitiliza mpaka wapishi wakaja kulalamika kwamba ugali unapoa.