Kwa Wiki au kwa Mwaka

Orodha ilipotoka nilikuwa kazini Al Khuwair, hapa Muscat, saa nne asubuhi, na faili la mtu mwingine liko wazi mbele yangu. Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, ana duka la vitambaa Matrah, na kwa kawaida hututumia kwenye kundi la ukoo dua za Ijumaa na picha za samaki aliowanunua. Safari hii alituma ukurasa mmoja wa majina na tarakimu. Jina la mdogo wangu alikuwa amelizungushia duara jekundu. Chini yake aliandika: "Hii ni kwa wiki au kwa mwaka?"

Hakuna aliyejibu. Tumo watu arubaini na kitu kwenye kundi lile, na siku nyingine mtu akiuliza bei ya ndimu hupata majibu kumi. Niliona alama zikionyesha kwamba mmoja baada ya mwingine amesoma.

Mimi nilijua jibu, maana mishahara ndiyo kazi yangu. Niko idara ya watumishi wizarani, mwaka wa kumi na sita sasa, nashughulika na vyeo vya watu, mikataba yao na nyongeza zao, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kufunga mdomo. Mshahara wa mtu ni siri yake, kama maradhi yake. Kumbe Marekani chama cha wachezaji wenyewe hutangaza malipo ya kila mchezaji wa ligi ya mpira, kuanzia nyota anayejulikana dunia nzima mpaka kijana wa benchi, ili pasiwe na mtu anayepunjwa kwa kutojua mwenzake anapata nini. Ni hoja nzuri, sina la kuipinga. Lakini asubuhi ile niliona kama mtu amemvua ndugu yangu nguo katikati ya soko.

Ilikuwa kwa mwaka.

Mdogo wangu nimemzidi miaka kumi na mmoja. Baba alifariki yeye bado anajifunza kusoma, na mimi ndiye niliyempeleka mazoezini jioni baada ya jioni, nikikaa garini na vitabu vyangu vya chuo huku vumbi la uwanja likiingia dirishani. Alipata udhamini wa masomo Marekani kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Akasoma miaka minne, akacheza, na alipomaliza klabu moja kubwa ikamchukua. Siku aliyotia saini, mama aligawa halua mtaa mzima. Baadaye ikaja picha ya chumba cha kubadilishia nguo: mdogo wangu ameketi bega kwa bega na mchezaji mmoja wa Ulaya ambaye hata imamu wetu anamjua. Mama aliitia picha ile kwenye fremu. Wote tuliwaona wameketi pamoja, tukadhani na pesa zao zimeketi pamoja.

Kwenye orodha nyota yule alikuwa mistari mitano tu juu ya mdogo wangu, na tarakimu zake zilikuwa ndefu mpaka zinakaribia kutoka nje ya safu. Mdogo wangu alikuwa kwenye kima cha chini kabisa ambacho ligi inaruhusu. Ukiondoa kodi ya serikali yao na pango la mji ule, kilichobaki ni chini ya ninachobaki nacho mimi.

Hilo lingekuwa la kusikitisha tu. Lililonikosesha raha ni gari. Mwaka uliotangulia nilitaka gari jipya na malipo ya mwanzo yakanishinda, nikamwandikia. Sikumbembeleza hata. Niliandika kama mtu anayemwagiza ndugu yake mkate. Pesa ilifika baada ya siku nne, na ujumbe: "Utachukua rangi gani, dada?" Sasa, na ile orodha mkononi, nikaelewa kwamba alinipa jasho lake la miezi miwili na zaidi, mbali na anachomtumia mama kila mwezi.

Siku ile nilishindwa kukaa. Kazi ilipokwisha nikaendesha gari lile lile mpaka Rusayl, kwenye viwanda, ambako sina shughuli wala sijuani na mtu, nikazunguka kati ya maghala na malori, nikarudi. Nyumbani mama aliniuliza mbona nimechelewa. Nikasema foleni. Alipokwenda kutia udhu nikachukua miwani yake ya kusomea nikaitia mkobani mwangu, asije akafungua simu.

Kesho yake nilikuwa mtu wa kwanza kwenye mkahawa wa chini ya wizara. Anayetuhudumia pale ni mama mmoja Mkenya, mwenye watoto watatu nyumbani kwao, na amenizoea kwa sababu ya Kiswahili. Nikamuuliza bila kuzunguka kama watu wake wanajua analipwa kiasi gani hapa Muscat.

Aliacha kufuta mashine ya kahawa. "Madam, wajue ya nini? Wanajua natuma. Hiyo inatosha."

"Na wakiomba zaidi ya unachoweza?"

"Naongeza shifti. Siku wakijua mshahara wangu wataanza kunionea huruma, na hiyo huruma nitaibeba aje?"

Nikachukua kahawa yangu nikaiacha mezani bila kuinywa.

Alasiri nikampigia mdogo wangu. Kwao ilikuwa asubuhi, hajaondoka kwenda mazoezini.

"Umeiona?" aliniuliza kabla sijamsalimu.

"Nimeiona."

"Na mama?"

"Mama hana miwani. Nimeificha."

Akacheka kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza lini, dada? Mlikuwa mnaomba tu." Nikasikia anavuta pumzi. "Samahani. Sikukusudia kusema hivyo."

"Sema. Ni kweli."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama anavyofafanua kila kitu. Mkataba wake, alisema, hakuandikiana na klabu. Ameandikiana na ligi yenyewe, na ligi ndiyo inayomtia kwenye klabu. Kila klabu imewekewa kikomo cha jumla ya mishahara, ili wenye timu wasishindane mpaka wakafilisika. Ila nyota wachache huruhusiwa kulipwa nje ya kikomo hicho, mfukoni mwa tajiri mwenyewe. Waliobaki wanagawana kilichomo ndani.

"Ni kama sinia la pilau," alisema. "Nyama imeshawekwa kando kwa wageni watatu. Sisi tunakula wali, tena wali wenyewe umepimwa."

"Na hao matajiri?"

"Wanasema wanapata hasara kila mwaka."

"Na bado watu wanataka kununua timu?"

"Wanapanga foleni. Wanatoa mamilioni kwa mamilioni ili waruhusiwe kuingia tu."

"Basi na mimi nitafutieni hasara kama hiyo."

Safari hii alicheka kweli. Nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia nitamrudishia pesa ya gari. Kicheko kikakatika.

"Ukinirudishia, nitajua kuwa umeanza kuniona masikini. Usifanye hivyo, dada."

Sikufanya. Lakini tangu siku ile kila nilipotia ufunguo niliona kama nimepanda mgongoni mwa mtu.

Mama alijua siku ya nne, kwa mdomo wa Ami aliyekuja kusalimia na kusema pole. Nilitarajia machozi. Nilipata ugomvi, tena kwa sababu ya miwani.

"Siku tatu nnasoma Qur'ani kwa kubahatisha!" alinipigia kelele. "Wewe unanificha mimi habari za mwanangu? Nani kamzaa nani?"

Alipotulia akaniambia nimwambie mtoto arudi, hapa atapata kazi ya heshima. Nikasema mwambie mwenyewe. Hakumwambia. Alimwambia tu asitume tena pesa ya mwezi, na yeye akaendelea kutuma.

Joto lilipofika kileleni, mwezi ambao Muscat mtu hashiki mlango wa gari kwa mkono mtupu, mdogo wangu alipiga simu akiwa uwanja wa ndege.

"Wamenihamisha," alisema. "Pwani ya pili, kule magharibi. Nimeambiwa jana, kesho nnatakiwa mazoezini."

"Wamekuuza?"

"Hawakuniuza. Wamenibadilisha."

"Kwa mchezaji gani?"

"Si kwa mchezaji. Kuna kitu wanakiita pesa ya mgao. Ligi inawapa klabu, wanaitumia kupunguza uzito wa mishahara kwenye hesabu zao. Haimfikii mtu mkononi."

"Na hukuulizwa?"

"Mkataba ni wa ligi, dada. Mimi nimehama chumba tu, nyumba ni ile ile."

Aliacha fleti aliyoilipia mpaka mwisho wa mwaka na rafiki wa kike niliyekuwa nimeanza kumsikia sikia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mno. Mimi ndiye niliyezunguka chumba na simu sikioni mpaka mama akauliza nini kinanitembeza. Mama aliposikia kwamba mtoto amebadilishwa kwa pesa isiyoshikika, alikaa kitini. "Hata kiatu," alisema, "ukikibadilisha dukani unapewa kiatu."

Kwa sababu ya pwani ile mechi zake za Jumamosi usiku zikawa zinatufikia sisi Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi. Nilikuwa nikifika wizarani mapema, nakaa kwenye maegesho injini ikiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Mara nyingi sikumwona ila wakati wa kupasha misuli. Alicheza dakika chache hapa na pale. Siku moja aliingia, akapoteza mpira mguuni, wakafungwa, na nilipanda ofisini nikamjibu vibaya mkuu wangu kwa jambo dogo la muhuri.

Msimu ulipokwisha klabu ilikuwa na hiari ya kumwongeza mwaka. Haikumwongeza. Akaja nyumbani Disemba, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya kazi aliyotafutiwa na Ami kwenye ghala Rusayl, msimamizi, na bima na likizo. Ya pili ilikuwa mkataba wa klabu ndogo ya daraja la chini, mji nisioweza kuutamka.

"Nisomee," aliniambia, akanisogezea ule wa mpira. "Kazi yako ndiyo hii."

Nilisoma siku mbili. Naungama kwamba nilikuwa natafuta sababu ya kumbakisha, na zilikuwepo. Klabu iliweza kumwacha katikati ya mwaka, yeye hakuweza kuiacha. Akiumia, malipo yalikuwa na ukungu. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa orodha. Lakini nilikuwa nimesomea wageni mikataba miaka yote hiyo kwa haki, sikuweza kumsomea ndugu yangu kwa hila. Nikamwonyesha mahali pa kuomba: nyumba ya kukaa, malipo kamili akiumia, na mwaka wa pili uliothibitishwa. Tukaandika barua pamoja kwenye meza ya mama.

Tulipokuwa tunasubiri jibu akaniuliza mimi napata kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sikuwahi kumwambia mtu, hata mama. Nikamwambia. Akaitazama dari.

"Wallahi, na bado ulishindwa na malipo ya gari?"

Nilimpiga na mto. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini, hatukuweza kumwambia.

Klabu ilikubali nyumba na ilikubali malipo ya kuumia. Mwaka wa pili ilikataa. Akatia saini.

Ami alinuna wiki nzima. Mama alingoja mpaka uwanja wa ndege, ambapo alimshika shati kifuani kama anataka kumpiga. "Unakwenda kwa sababu unataka," alimwambia, "si kwa sababu yetu. Umesikia? Mwezi huu nikiona pesa yako nnairudisha."

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

"Nnakwenda kwa sababu nnataka."

Sasa klabu yake haina pesa ya ndege kwa kila mechi, wanasafiri kwa basi. Wiki iliyopita alinipigia wakiwa njiani, saa ya sita ya safari ya saa kumi, ananisimulia mashamba ya mahindi yasiyokwisha na kocha anayekoroma kiti cha mbele. Akaniambia anasomea cheti cha ukocha. Kifundo cha mguu kinamuuma kidogo. Nikauliza kidogo kiasi gani, na hapo simu ikakatika. Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena. Nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikapanga rafu ya jikoni, nikapiga tena, mpaka ujumbe ulipoingia:

"Tumefika. Nimepangwa kuanza."

Nikamsomea mama. Akaniambia nikae chini.

"Nakaa," nilisema, nikaenda dirishani.