Nilimwita Zuwena, Naye ni Bhoke

Nimekosa mie, na nnasema mwenyewe kabla majirani hawajanisemea. Sikusoma. Mjukuu wangu ndo anayeandika, na nimemwambia asinipambe.

Tulikuwa hapa nyumbani, Sib, huku Uarabuni. Mjukuu yuko chuo, kapewa kazi ya daftari za misheni za zamani, Wahispania walipotawala huko Amerika. Ananisomea: mwenyeji kaletwa kwa padri, kamwagiwa maji, jina la kwao limeachwa, kuanzia leo ni Maria. Kaletwa mwengine. Naye Maria.

Nkatoa sauti ya padri, ya puani: "Nyote Maria, nsije nkachanganyikiwa!" Mjukuu alicheka mpaka akalala chini.

Msichana wangu wa kazi, Zuwena, alikuwa anapanga vikombe. Hakucheka. Na huyo ndo mchekaji wangu! Nikimwigiza binti yangu anayekaa Qurum anavyodeka kwenye simu, yeye hushika mbavu.

Akasema, "Bibi, mimi naitwa Bhoke."

Wallahi nilijua. Siku aliyofika kutoka Musoma alinambia. Nkamwambia jina gumu hilo, hapa utaitwa Zuwena. Miaka yote akaitika.

Nkamjibu, "Hilo limenishinda, mwanangu."

Akaniangalia. "Unamwigiza padri aliyekufa zamani, hujawahi hata kumsikia. Unamwigiza muuza samaki. Unaigiza mpaka mashine ya kufulia. Bhoke ndiyo ikushinde?"

Ningelisema neno moja tu, yangelikwisha. Mie nkamwambia akatie chai.

Mkataba ulipokwisha akarudi kwao. Nilimbembeleza abaki, akakataa kwa adabu. Sasa nnaigiza, nnacheka peke yangu.

Binti zangu wanalalama nikiyaandikisha haya: "Mama, utatutia aibu, kila mtu humpa msichana wake jina." Kila mtu! Basi na wale mapadri nao walisema hivyo hivyo. Nkamwambia mjukuu andika, na Sib uitaje.

Juzi nimempigia simu. Nkasema, "Bhoke." Limetoka laini, halina mwiba hata mmoja. Halafu akauliza, "Nani mwenzangu?"

Hajapata kunisikia nikiliita, atanijuaje?

Na nyie wenye Zuwena zenu na Maryam zenu jikoni, msinitolee macho. Muulizeni leo jina alilopewa na mamake, mumwite kwa jina hilo angali yumo ndani. Msingoje mpige simu mbali, muulizwe nyie ni nani.