Mzee wa Semina

Karani wa zamani wa pamba, mkazi wa Mkuyuni, tangu chama cha ushirika kimpunguze kazini hakukosa semina katika hoteli za Mwanza, ingawa hakuna aliyemwalika. Alivaa suti yake ya kahawia, akakaa nyuma na kutikisa kichwa kukubali kila lilipotajwa neno maendeleo. Ukifika wakati wa chakula, alianzia mwisho wa meza, kwenye nyama; wali, alisema, huwekwa mwanzoni kuwashibisha wajinga. Kila chombo alikinusa kabla ya kupakua, macho ameyafumba kama anayesali.

Siku moja, katika hoteli ya ufukweni, alijikuta kwenye semina ya wakunga. Mwezeshaji, Mama Achola, akamsimamisha.

"Shikamoo mzee. Wewe umezalisha wangapi?"

Harufu ya samaki sato wa kukaanga ilikuwa imeshamfikia.

"Marahaba. Mmoja," alisema. "Mke wangu, juu ya lori la pamba, njia ya Misungwi. Mtoto mzima. Na pamba ile, ingawa ililoa damu, niliipokea, nikaandika ni safi."

Wakunga walicheka hadi machozi, wakamtaka aeleze yote. Walipomkaribisha mezani, alipakua kidogo sana, kwa haya ya mtu aliyealikwa.